Anayetaka kushinda gemu la magari aanze kwa kulala mapema

Wiki hii naanza na ujumbe wa mama mmoja wa hapa Tunduru mjini, mfanyabiashara wa vitenge. Kijana wake ana miaka 14, yuko kidato cha kwanza. Tangu shule zifungwe, akishamaliza kazi za asubuhi haonekani tena nyumbani. Yuko kwenye kibanda cha gemu. Akirudi usiku anachukua simu ya mama yake na kuendelea na magari humo humo mpaka saa saba. Macho mekundu, chakula anakula amesimama, akiitwa anaitika kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Mama anauliza: amkataze kabisa, au amwache tu, maana wenzake wanaoshinda vijiweni wanafanya mabaya zaidi?

Mwisho wa ujumbe huo kuna mistari miwili ambayo ni wazi haikuandikwa na mama. Haina salamu, na maneno yamekatwakatwa. Inasema kuna kijana wa mtaa wa pili ambaye hajawahi kufungwa kwenye magari, na kabla shule hazijafunguliwa kutakuwa na mashindano pale kibandani. Afanyeje ampite?

Mama yangu, naomba ruhusa nimjibu kijana kwanza. Jibu lako limo ndani ya jibu lake.

Nilikwenda kukaa kwenye vibanda viwili vya hapa mjini, alasiri mbili tofauti. Asiyevijua avitafute kwa sauti: chumba kimoja, pazia mlangoni, benchi, runinga tatu au nne na watoto wa kiume wanaopiga kelele kuliko runinga zenyewe. Wengi wanacheza mpira. Magari ni ya kundi dogo lakini lenye mapenzi makali, na gemu lao kubwa bado ni Need for Speed: Most Wanted la mwaka 2005, lililotoka kabla wengi wao hawajazaliwa. Kwenye simu wanacheza Asphalt. Yote mawili ni ya ile jamii ya magemu ambamo gari halifuati sheria za kweli: unagonga ukuta unaendelea, tanki halikauki. Gran Turismo ni jamii nyingine, kule gari limetengenezwa lisumbue kama gari halisi.

Jamii hii ya kwanza ilizaliwa kwenye mashine za kutumbukiza sarafu. Pole Position ya kampuni ya Namco ilitoka Japani mwaka 1982, Out Run ya Sega ikafuata mwaka 1986. Muda ulikuwa ukiisha, mashine inakutaka utumbukize sarafu nyingine. Kibanda cha leo kinakula jero kwa namna ile ile, na ndiyo maana mchezaji anayejifunza haraka anaokoa pesa ya mama yake. Hilo nalo tulihesabu kama faida.

Kinachowaangusha wengi niliowatazama ni macho. Mchezaji anayeanza hukodolea gari lake mwenyewe, lile lililo chini katikati ya kioo. Anaangalia kama limenyooka, anaangalia bampa la mpinzani pembeni, na kona inapofika ndiyo kwanza anaiona. Sasa tupige hesabu. Tangu jicho lione kitu mpaka kidole kibonyeze, mtu mwenye afya njema hutumia kama robo sekunde. Gari likiwa kwenye kilometa 200 kwa saa, ndani ya robo sekunde hiyo limeshasogea takribani mita 14. Hakuna mazoezi yatakayoifuta robo sekunde hiyo yote, hata bingwa wa dunia anayo. Bingwa anachofanya ni kuangalia mapema.

Mwaka 1994 watafiti wawili wa Uingereza, Michael Land na David Lee, walichapisha matokeo ya kufuatilia macho ya madereva waliokuwa wakiendesha gari halisi kwenye barabara yenye kona nyingi. Walikuta kwamba dereva hupeleka jicho kwenye ukingo wa ndani wa kona, pale barabara inapoonekana kujipinda na kupotea, sekunde moja au mbili kabla ya kukata usukani. Mikono inafuata mahali ambapo macho yameshafika. Kwenye gemu ni vivyo hivyo. Mdogo wangu, gari lako liache, litakuwepo tu pale chini. Jicho lako likae mbali, kwenye ukingo wa ndani wa kona inayokuja, na ukishaingia kwenye kona hiyo jicho liwe limeshahamia kwenye njia ya kutokea. Siku ya kwanza utajisikia kama unaendesha kipofu. Siku ya tatu utashangaa kona zimekuwa pana.

La pili ni breki, na hapa najua nitapigiwa kelele. Kibandani kitufe cha breki ni kama hakipo. Kijana anashikilia mafuta mwanzo mpaka mwisho, kwenye kona anategemea ukuta umrudishe barabarani. Anaona amekwenda kasi kwa sababu sauti ya injini haikushuka. Lakini ukuta unampokonya nusu ya mwendo wake, na mwendo huo anautafuta upya kwenye barabara iliyonyooka inayofuata, pale ambapo mwenzake tayari anapaa.

Tuseme baada ya kona kuna mita 500 zilizonyooka. Anayezipita kwa wastani wa kilometa 150 kwa saa anatumia sekunde 12. Anayezipita kwa wastani wa 120 anatumia sekunde 15. Sekunde tatu kwenye gemu ni umbali wa kumpoteza mtu machoni, na zote zimetokana na namna mtu alivyotoka kwenye kona. Kwa hiyo punguza mwendo mapema, kabla hujaanza kukata, wakati gari bado limenyooka. Ingia kutoka upande wa nje wa barabara, gusa ukingo wa ndani katikati ya kona, kisha liache gari litoke lenyewe kuelekea nje huku ukirudisha mafuta. Nje, ndani, nje. Madereva wa mabasi ya Songea wanaijua hesabu hii bila kuandikiwa, ila wao wana abiria na wanabaki upande wao wa barabara.

Naitro nayo inatumiwa vibaya. Wengi wanaipiga mara tu wanapopitwa, kwa hasira, mara nyingi wakiwa wanaingia kwenye kona. Ipige unapotoka, gari likiwa limeshanyooka na barabara iko wazi mbele. Kwenye Asphalt 8 kuna kaujanja ka kupiga mara ya kwanza, kusubiri mstari ufike kwenye eneo jekundu, kisha kupiga tena. Mwendo unakuwa mkubwa kuliko wa mtu aliyebonyeza mara moja tu. Ni zoezi la uvumilivu.

Kuna jambo la runinga ambalo sikuona mtu akilizungumzia, na linaweza kuamua mashindano. Kibanda kimoja nilichokaa kina runinga za chogo, kingine kina flati. Runinga ya chogo huonyesha picha karibu papo hapo. Flati nyingi huichakata picha kwanza ili ipendeze, na kazi hiyo inachelewesha kile unachokiona. Kucheleweshwa huko ni kwa sehemu ndogo ya sekunde, lakini kunajumlishwa na ile robo sekunde yako. Kijana aliyezoea chogo akikalishwa mbele ya flati anagonga kuta mzunguko mzima na kudhani amelogwa. Kwenye mipangilio ya picha ya flati nyingi kuna sehemu ya gemu. Ikiwashwa, uchelewaji unapungua sana. Muulize mwenye kibanda mashindano yatachezewa runinga ipi, na ufanye mazoezi kwenye hiyo hiyo. Na pedi ya kuchezea ikague kabla: kitufe kinachonata kimewafunga watu wengi kuliko wapinzani.

Sasa mama, tumefika kwako.

Kijana anaamini atakayeshinda ni atakayecheza saa nyingi zaidi. Ubongo haufanyi kazi hivyo. Katika miaka ya 1970 Posta ya Uingereza ilitaka kuwafundisha watumishi wake kuchapa. Watafiti Alan Baddeley na Longman, waliochapisha matokeo yao mwaka 1978, waliwagawa wanafunzi hao makundi manne: kuna waliofundishwa saa moja tu kwa siku, na kuna waliofundishwa mpaka saa nne kwa siku, wengine wakiwa katikati. Waliojifunza saa moja kwa siku walihitaji jumla ya saa chache zaidi kufikia kiwango kile kile. Kilichonifurahisha ni kwamba kundi hilo ndilo lililoridhika kidogo kuliko yote. Lilijiona linaachwa nyuma. Waliokuwa wakishindia mashine saa nne walikuwa wameridhika na nafsi zao. Hivyo mama, kijana wako akikuambia bila kucheza mchana kutwa anahisi anapoteza uwezo, msadiki kwamba anahisi hivyo. Hisia hiyo ni ya kweli, ila haisemi ukweli kuhusu vidole vyake.

Sababu mojawapo iko usingizini. Mwaka 2002 Matthew Walker na wenzake nchini Marekani waliwafundisha watu kugonga mfuatano wa tarakimu kwa vidole, haraka na bila kukosea. Waliofundishwa asubuhi na kupimwa jioni ya siku hiyo hiyo hawakuwa wameongeza kasi ya maana. Walipolala usiku na kupimwa tena, kasi ilikuwa imepanda kwa karibu asilimia 20, bila zoezi lolote la nyongeza. Ubongo unaendelea kulipanga somo la mikono wakati mwenye mikono anakoroma. Anayecheza mpaka saa saba usiku na kuamshwa alfajiri amelipia mazoezi na kuyaacha kaunta.

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa nane mpaka kumi. Akiamka saa kumi na mbili asubuhi, maana yake saa nne usiku awe ameshalala, na simu iwe imelala kabla yake, tena chumba kingine. Mwanga wa simu usoni usiku unauchelewesha mwili kutambua kwamba giza limeingia, na mashindano yenyewe yanaacha moyo ukienda mbio hata baada ya kioo kuzimwa. Hapa kuna wazazi watakaosema simu ndiyo saa ya kuamkia. Saa ya mezani inauzwa bei ndogo kuliko bando la wiki mbili.

Ratiba ninayompendekezea kijana ni dakika 40 kwa siku, zigawanywe mara mbili, siku tano za wiki. Zile za kwanza acheze peke yake dhidi ya muda wake mwenyewe, barabara moja tu, asibadilishe gari. Kama gemu linakubali kuonyesha kivuli cha mzunguko wake bora, akifukuze kivuli hicho, maana hakimtukani wala hakimcheki, na kinamwonyesha kona ipi hasa ndiyo inayomla. Zile za pili ashindane na wenzake. Akigonga ukuta ule ule mara tatu mfululizo, aweke pedi chini, anywe maji, atoke nje kidogo. Anayeendelea kwa hasira anajizoeza kugonga ukuta. Siku moja kabla ya mashindano acheze robo saa tu, kisha akalale.

Halafu kuna vinywaji vya kuongeza nguvu. Pale kibandani niliona makopo chini ya benchi, na wanywaji walikuwa watoto. Taasisi ya madaktari wa watoto ya Marekani ilishatamka mwaka 2011 kwamba vinywaji hivyo havina nafasi kwa watoto na vijana. Kafeini inamfanya mtu ajisikie mwepesi, lakini kwa mtu mzima inachukua takribani saa tano nusu yake tu kuondoka mwilini. Kopo la saa mbili usiku bado liko kazini saa saba. Mikono inayotetemeka haipigi kona.

Jingine ni la pesa. Niliona vijana wakiwekeana mia tano mia tano, mshindi anachukua. Kwao ni kachumbari tu ya mchezo. Kwa jicho langu hicho ndicho kinachomrudisha mtoto kibandani kuliko magari yenyewe, kwa sababu aliyeliwa anataka kurudisha. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 haimruhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, na mwenye kibanda anayejua hilo angebandika karatasi ukutani. Msimu wa korosho ndio mbaya zaidi. Malipo ya minada yakishaingia, pesa ndogo ndogo zinazagaa nyumbani na hakuna anayezihesabu vizuri, ila mtoto anajua ziko wapi. Mzazi mwenzangu wa Nakapanya, wa Mlingoti, wa Majengo, hesabu.

Nimeliacha kwa makusudi jambo linalonitia hofu zaidi, nalo linahusu barabara halisi.

Wenyeji wanakumbuka safari ya Songea kabla ya lami, masika watu wakilala njiani siku mbili tatu wakisubiri gari linasuliwe kwenye tope. Leo lami imenyooka kutoka Namtumbo mpaka hapa na kuendelea Mangaka na Masasi. Ni neema kubwa, na ni mteremko mzuri wa kujaribia pikipiki. Vijana wa umri wa msomaji wangu huyu wanapewa bodaboda za kaka zao wakanunue mafuta, na wanaenda nazo kama walivyokwenda kibandani nusu saa iliyopita.

Magemu haya yana tabia moja. Kwenye Burnout na kwenye Asphalt unaongezewa nguvu ukikwepa gari lingine kwa kulikosakosa. Kwenye Burnout unapewa pia ukienda upande wa magari yanayokuja. Yaani jambo ambalo barabarani linaua, mle ndani linalipwa. Mwaka 2007 Peter Fischer na wenzake nchini Ujerumani walichapisha majaribio kuhusu hilo: wanaume waliotoka kucheza magemu ya mbio za magari walithubutu hatari kubwa zaidi kwenye vipimo vya kompyuta vya hali za barabarani kuliko waliotoka kucheza magemu ya kawaida. Vipimo hivyo vilifanyika mara tu baada ya mchezo, havisemi kijana atakuwaje miaka kumi ijayo. Lakini saa moja baada ya kibanda ndiyo saa ya kuombwa akanunue mafuta. Na Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani.

Kwa hiyo sharti moja nisingelilegeza: siku ya gemu, funguo za pikipiki hazishikwi. Na kijana aelezwe kwa maneno, kwa sababu hawezi kubuni mwenyewe, kwamba robo sekunde ile ipo pia Mtaa wa Sokoni, isipokuwa huko mbele kuna mtu anavuka. Tena magemu mengi yanaendesha upande wa kulia. Sisi tunaendesha kushoto. Anayedhani amefuzu udereva kibandani ataonana na trafiki kwenye kona ya kwanza.

Nisieleweke kwamba mchezo wenyewe ni sumu. Mwaka 2007 huo huo daktari James Rosser wa New York na wenzake walichapisha utafiti wa madaktari 33 waliokuwa wakifanya mazoezi ya upasuaji wa matundu madogo, ule wa kuangalia kwenye kioo. Waliowahi kucheza magemu zaidi ya saa tatu kwa wiki walifanya makosa machache kwa asilimia 37 na walikuwa na kasi zaidi kwa asilimia 27. Moja ya magemu matatu waliyopimwa nayo lilikuwa la mbio, Star Wars Racer Revenge. Huenda wenye mikono mitulivu ndio wanaopenda magemu tangu mwanzo, utafiti huo haukuweza kulimaliza swali hilo. Kuna mwingine wa mwaka 2013 kutoka Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco, ambapo wazee wa miaka 60 hadi 85 walifundishwa gemu la kuendesha gari huku wakijibu alama zinazotokea barabarani. Walicheza saa moja, mara tatu kwa wiki, kwa mwezi mmoja. Jumla saa 12. Mwishoni waliwapita vijana wa miaka 20 ambao hawakufundishwa, na miezi sita baadaye uwezo ulikuwa bado upo. Saa 12 kwa mwezi mzima! Kijana wetu anazimaliza kwa siku moja na nusu.

Je, ni ugonjwa? Mama aliuliza hilo kwa neno moja, uraibu. Shirika la Afya Duniani limeweka tatizo la kucheza magemu kwenye orodha yake ya magonjwa, toleo la 11, iliyoanza kutumika Januari 1, 2022. Vigezo vyake ni vizito: mtu ameshindwa kujizuia, gemu limetangulia mbele ya shughuli nyingine zote, na anaendelea hata pale madhara yanapoonekana wazi, hali ambayo kwa kawaida imedumu angalau miezi 12. Kijana wa likizo anayelala saa saba hajafika huko. Ila akiacha kula na wenzake, akiacha mpira aliokuwa akiupenda, akianza kuiba au kutoroka shule, usisubiri miezi 12. Nenda hospitali ya wilaya ukaongee na daktari, na uende naye, usimsemee.

Macho mekundu yana maelezo mepesi. Mtu akikodolea kioo hupepesa kope mara chache sana kuliko kawaida, jicho linakauka na kuwasha. Akae hatua tatu au nne kutoka kwenye runinga, na kila baada ya dakika 20 aangalie kitu kilicho mbali, mita sita au zaidi, kwa sekunde 20. Mlango wa kibanda uko wazi, aangalie mwembe wa jirani. Kama baada ya wiki mbili bado anasogelea kioo, anafinya macho au kichwa kinamuuma, apimwe. Pengine hajawahi kuuona ubao wa darasani vizuri. Kucheza nje mchana nako kunasaidia. Huko Guangzhou, China, watoto wa shule walioongezewa dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule walikutwa baada ya miaka mitatu na tatizo la kutoona mbali kwa asilimia 30, wakati wenzao ambao hawakuongezewa walikuwa karibu asilimia 40. Maumivu yakiwa kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, apumzishe mkono siku kadhaa kabisa. Yasipopungua, aonwe na daktari.

Wadogo zake wasiingizwe kwenye habari hii. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 ni kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya kioo, na wa miaka miwili mpaka minne asizidi saa moja kwa siku.

Mwisho, kwa wazazi wenye mtoto mwenye kifafa. Takribani watu watatu kati ya 100 wenye kifafa huweza kuanguka kwa sababu ya mwanga unaomweka haraka haraka, na magemu ya mbio yana mimweko mingi: naitro, taa za polisi, milipuko. Desemba 16, 1997, huko Japani, watoto karibu 700 walipelekwa hospitali baada ya kipande cha katuni ya Pokémon kumweka nyekundu na buluu kwenye runinga, na wengi wao hawakuwahi kuanguka kabla ya siku hiyo. Muulize daktari wa kliniki kabla hujamruhusu mtoto. Akiruhusiwa, chumba kisiwe giza, akae mbali na kioo, asicheze akiwa hajalala vizuri, dawa zake asiziruke hata siku moja, na mwenye kibanda ajue. Mtoto akianguka, sogeza benchi na pedi mbali naye, mlaze ubavu, legeza kola ya shati, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimshike kwa nguvu, na angalia saa. Zikipita dakika tano bado anatetemeka, mtafutieni gari la kumpeleka hospitali.